Wakubwa Wahame Kwanza

Kwenye kampeni za mwaka 2013, watu wa Jubilee waligeuza neno "analogi" kuwa tusi. Wao walikuwa dijitali, wapinzani wao walikuwa analogi, na sisi tuliokuwa bado shule tukalibeba neno hilo hadi uwanjani. Ukifeli hesabu wewe ni analogi. Ukivaa viatu vya kaka yako wewe ni analogi. Kampeni ziliisha, tusi likabaki, na siku hizi nalisikia likitupiwa redio: "FM ni ya wazee, buda. Dunia imeenda dijitali." Anayesema hivyo kwa kawaida ana bando, ana hedifoni nzuri, na anaishi mahali ambapo stima zikipotea jenereta inanguruma kabla hajamaliza kulalamika.

Nataka kubishana na huyo mtu. Sina mapenzi ya vitu vya kale, na sitaki kumwambia mtu yeyote kwamba zamani ilikuwa tamu. Nabishana kwa sababu mjadala wa redio ya kidijitali umeshaanza kubisha hodi Kenya. Mamlaka ya Mawasiliano imesema mara nyingi kwamba masafa ya FM mijini yamejaa. Nikikumbuka jinsi tulivyohamishwa kwenye televisheni, naona kwamba tusipouliza maswali mapema, jibu litakuja likiwa limeshafungwa kwa boksi na bei imebandikwa juu.

Kwanza tuondoe uongo mmoja njiani. Redio yetu iliingia dijitali zamani. Ukiingia studio ya FM leo utakuta muziki uko kwenye kompyuta, matangazo ya biashara yamepangwa kwenye kompyuta, na msikilizaji wa Isinya ametuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp akiwa juu ya bodaboda. Kutoka studio hadi mlingotini, sauti hiyo mara nyingi husafiri ikiwa tarakimu tupu. Kilichobaki analogi ni kipande cha mwisho tu, kutoka mlingotini hadi kwa redio yako, ambapo wimbi linayumba kwa kufuata mtikisiko wa sauti yenyewe. Kwa hivyo anayesema redio "iingie dijitali" anazungumza juu ya kipande hicho kimoja. Na hicho ndicho kipande kilichoko mikononi mwa maskini. Kabambe ya elfu moja na kitu ina FM ndani yake, na waya wa hedifoni ndio antena. Redio ya mama mboga inatumia mawe mawili kwa wiki nyingi. Hakuna kifaa kingine cha habari ambacho kimefika chini kiasi hicho.

Sasa tuelewe vile mambo yanavyofanya kazi, na kwa sisi wa Kitengela hii ni rahisi, kwa sababu hakuna kitu tunakielewa kuliko ploti.

Chukulia anga ni shamba. Sehemu ya FM inaanzia 87.5 na kuishia 108 megahezi. Kila kituo kinahitaji upana wa kama kilohezi 200, kwa hivyo kwenye karatasi unaweza kukata ploti mia moja na kidogo. Lakini vituo viwili vya mlingoti mmoja haviwezi kukaa ukuta kwa ukuta, vitaingiliana, kwa hivyo unaacha nafasi katikati na ploti zinapungua sana. Tena kituo kinachotaka kusikika nchi nzima hakiwezi kutumia namba moja kila mahali, kwa sababu milingoti jirani ikirusha kwenye namba ileile inapigana. Kinahitaji ploti moja Nairobi, nyingine Nyeri, nyingine Mombasa, nyingine Kisumu. Kila anayepanda matatu ya Namanga anajua hili bila kufundishwa: mkishapita Kajiado mjini, dereva anaanza kupapasa redio akitafuta kituo kilekile kwa namba nyingine.

Redio ya kidijitali ya aina ya DAB haikati ploti. Inajenga ghorofa. Vituo vingi vinafungwa pamoja ndani ya wimbi moja lenye upana wa megahezi moja na nusu, na mtambo unaofanya ufungaji huo unaitwa maltipleksi. Nafasi hiyo ni sawa na ploti saba au nane za FM, lakini kwa mfumo mpya wa DAB+ inaweza kubeba vituo kumi na vitano, hata kumi na vinane, kutegemea ubora wa sauti. Kuna zuri lingine ambalo lazima nilikubali: milingoti yote inaweza kurusha wimbi hilohilo kwenye masafa yaleyale bila kupigana. Badala ya kuvurugana, inasaidiana. Kituo cha kitaifa kinapata nchi nzima kwa nafasi moja. Kama hoja ni kuokoa masafa, DAB inaokoa. Sina ubishi hapo.

Ubishi wangu ni kwamba ghorofa lina landilodi.

Kwa FM, kituo kidogo kinaweza kulipia leseni, kununua mtambo wake, kupandisha antena kwenye mlingoti wake ama wa kukodi, na kikaanza. Ploti yake, geti lake, kufuli lake. Kwa ghorofa unalipa kodi kwa mwenye maltipleksi kila mwezi. Yeye ndiye anaamua unapata chumba kikubwa au kidogo, yaani sauti yako iwe safi au ya kubanwa. Mtambo wake ukizima, wapangaji wote mnakaa gizani. Na akiambiwa na wakubwa afunge geti, hamfungiwi mmoja mmoja.

Upo mfumo wa pili, DRM, na sielewi kwa nini hauongelewi zaidi huku kwetu. Huu hauhitaji ghorofa. Unaweza kutumika kwenye mawimbi ya kati na mafupi, yale ambayo redio ya taifa ilitumia kufikia wafugaji kabla FM haijazaliwa hapa, na pia unaweza kuingizwa ndani ya sehemu ya FM yenyewe. Huko unachukua upana wa kama kilohezi 100 tu, nusu ya ploti, pembeni mwa kituo cha analogi. Mwenye kituo anabaki na mtambo wake na anaweza kurusha vyote viwili, analogi kwa mzee na dijitali kwa mjukuu. Ni sawa na kugawa kiploti mara mbili, jambo ambalo Kajiado tumelifanya kwa mashamba hadi nyumbu wakakosa njia ya kupita, lakini kwa anga halidhuru mnyama yeyote.

Kuna tofauti nyingine inayomgusa msikilizaji moja kwa moja. Analogi hufa polepole. Ukishuka kuelekea Magadi, kituo kinaanza kukwaruza, kinazidi kukwaruza, lakini sentensi bado unaipata: mvua, bei ya ng'ombe, barabara imefungwa wapi. Sikio la binadamu ni hodari sana wa kuchambua makelele. Dijitali haina hiyo huruma. Iko safi, safi, safi, halafu inagugumia kama mtu anayezama na kunyamaza kabisa. Mwenye king'amuzi anaijua hali hii. Picha inaganda vipande vipande, kisha skrini inakuambia hakuna mawimbi. Kwa filamu si neno. Kwa tangazo la mafuriko ni neno kubwa.

Na hapo ndipo nataka kukumbusha habari ya televisheni, maana ndiyo mtihani tulioufanya tayari.

Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka 17 Juni 2015 kuwa tarehe ya kuzima analogi, lakini kwa televisheni. Rais Kibaki alizindua matangazo ya majaribio ya kidijitali Desemba 2009. Leseni za kurusha mawimbi zikaenda kwa Signet, ambayo ni ya KBC, na mwaka 2011 kwa kampuni ya Pan African Network Group. Kampuni kubwa tatu za habari za hapa nyumbani zikalia kwamba zinafanywa wapangaji kwenye shamba walilolilima wenyewe. Zikaenda kortini, tarehe ya kuzima ikasogezwa na kusogezwa, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi Septemba 2014, na tarehe 14 Februari 2015 maafisa wakafika kwenye mitambo na analogi ikazimwa Nairobi. NTV, KTN na Citizen zikakaa siku 19 bila kuonekana.

Watu wengi wamesahau jambo moja la siku hizo 19: redio za kampuni hizohizo ziliendelea kusikika. Televisheni ilikuwa imeingia kwenye ugomvi wa nani anashika maltipleksi, FM ilikuwa nje ya ugomvi huo. Nyumbani kwetu baba alikuwa amenunua king'amuzi cha kampuni moja ya kulipia, akaambiwa vituo vya bure vitakuwepo daima. Malipo ya mwezi yalipoisha, vya bure navyo vikaondoka. Mama hakujisumbua kulalamika. Alirudi kwa redio ya jikoni.

Kwa hivyo mtu akikuambia redio lazima ihame "kwa sababu dunia imehama", mwambie akuonyeshe tarehe. Kwa FM hakuna. Hakuna mkataba wa dunia unaosema FM izimwe mwaka fulani. Tukizima, tutakuwa tumeamua wenyewe.

Na walioamua mbele yetu wanatufunza nini? Norway ilianza kuzima FM tarehe 11 Januari 2017 na ikamaliza kwa vituo vya kitaifa Desemba mwaka huohuo. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani. Lakini soma maandishi madogo: vituo vingi vidogo vya mitaani viliachwa kwenye FM. Taifa tajiri, lenye watu wachache na mafuta tele baharini, halikuthubutu kuwafukuza wadogo. Uingereza BBC ilianza kurusha DAB mwaka 1995. Imepita miaka thelathini, FM bado inasikika, na serikali yao ilisema itaendelea angalau hadi 2030. Uswisi shirika la umma liliondoka FM mwisho wa 2024 na likapoteza wasikilizaji wengi. India ilijenga mitambo ya DRM kwa makumi, sehemu kubwa ya nchi ikafunikwa na mawimbi, lakini redio za kuyapokea hazikuingia kwenye nyumba za watu, ziko zaidi ndani ya magari mapya. Milingoti ilikuwepo, masikio hayakuwepo.

Sisi tuna masikio ya aina gani? Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 56.9 ya nyumba za Kenya zina redio ya kawaida. Zenye intaneti zilikuwa asilimia 17.9. Najua intaneti imeenea tangu hapo, na ninaandika haya nikiitumia. Lakini tusimame kidogo hapa, maana wengi wanaosema "redio ya kidijitali" hawamaanishi DAB wala DRM. Wanamaanisha kusikiliza kwa simu, kwa bando. Hebu tupige hesabu, na sihitaji digrii niliyoiacha katikati kuipiga. Redio ya intaneti kwa ubora wa wastani, kilobiti 64 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 29 kwa saa. Fundi wa viatu hapa Kitengela anafungulia redio saa kumi kwa siku. Hiyo ni karibu megabaiti 290 kwa siku, na kwa mwezi ni gigabaiti nane na zaidi. Kwa FM ni sifuri. Upande wa kituo nako hesabu inageuka. Mlingoti wa FM unatumia stima ileile ukisikilizwa na mtu mmoja au watu laki tano. Kwa intaneti kila sikio jipya ni mzigo mpya.

Na intaneti inachelewa. Agosti 2025, Harambee Stars walipopigiana penalti na Madagascar pale Kasarani, mimi nilikuwa nafuata kwa simu nje ya kinyozi. Ndani ya kinyozi kulikuwa na FM. Nilijua tumetolewa kabla simu yangu haijaonyesha mpigaji akiweka mpira chini. Mambo madogo, ndiyo. Lakini kama sekunde hizo zingekuwa za onyo la maji yanayoshuka, nisingeziita ndogo.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mvua za Aprili na Mei 2024 tulikuwa nazo hapa. Mto Athi ulivunja kingo, kuna mitaa iligeuka kuwa bwawa, na mtaa wetu ulikaa bila stima hadi simu zikaisha moja baada ya nyingine. Simu ya kisasa ikikosa chaji ni kioo cha kujitazamia. Jirani yangu, mama wa watoto watatu, alikuwa na redio ya mawe dirishani, na plotini kwetu hapo ndipo tulipopata habari za barabara ya kwenda Athi River. Hakuna aliyeuliza kama ni analogi.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, vijana wa rika langu wakiwa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, intaneti ya nchi nzima iliyumba jioni. Siku iliyotangulia tulikuwa tumehakikishiwa kwamba hakuna mpango wa kuizima. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni na redio viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya vituo vikubwa vya televisheni yakakatwa. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo siku hiyohiyo. Nimesikia watu wakisema, basi hata FM inaweza kuzimwa, kwa hivyo tofauti iko wapi? Tofauti iko miguuni mwa anayezima. FM ya nchi nzima iko kwenye vilima vingi, na kila kilima kina mtambo wake na kufuli lake. Itabidi uvipande. Maltipleksi moja inakusanya vituo kumi na vitano kwenye swichi moja, na swichi moja haihitaji gari la pili. Ibara ya 34 ya Katiba inataka utoaji wa leseni za utangazaji usiwe chini ya udhibiti wa serikali, wa siasa wala wa biashara. Ningependa kusikia jinsi ibara hiyo itakavyotafsiriwa kwa mtu mwenye ufunguo wa ghorofa zima.

Kuna jambo ambalo mijadala ya wataalamu huliruka. FM haikuulizi jina. Huingii, hujisajili, hukubali masharti, hakuna kampuni inayojua kwamba saa nne usiku ulikuwa unasikiliza kipindi cha ndoa zilizovunjika. Redio ya DAB na DRM nazo zinapokea bila kukuuliza, hilo nazisifu. Lakini ile ya simu, ambayo ndiyo tunasukumwa kwayo kimyakimya kila simu mpya inapotoka bila FM ndani, inakujua kuliko shemeji yako.

Pale soko la mifugo Ilbissil nilimkuta mzee mmoja ana simu mbili kwenye mfuko wa koti na redio ndogo imening'inia shingoni, anasikiliza Kimaasai. KBC wana Nosim FM ya Kimaa, na Kajiado hii lugha hiyo ikitoka hewani unaona shingo zinageuka. Nikamuuliza, mzee wangu, mbona usisikilize kwa simu, si iko hapo? Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza maziwa yanatoka wapi.

"Simu ina Okoa Jahazi," akasema. "Hii haina deni, kijana yangu."

Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliua ng'ombe wengi sana katika kaunti hii. Mfugaji anayehamisha mifugo anahitaji kujua mvua imenyesha wapi, ugonjwa uko wapi, soko limefungwa au la, na anahitaji kujua hayo akiwa mahali ambapo mtandao wa simu ni kitu cha kupandia mti. Huyo ndiye anayeitwa analogi.

Basi nifanye nini, nipinge dijitali? Hapana. Masafa yamejaa kweli, na watu wa umri wangu wenye wazo la kituo hawana pa kuingilia isipokuwa wakodishe saa mbili za usiku kwa kituo cha mtu. Redio ya jamii nayo imeteseka tangu zamani. Ile ya Homa Bay, iliyoanzishwa 1982 kwa msaada wa UNESCO, serikali iliifunga mwaka 1984. Nafasi mpya inahitajika. Ninachouliza ni nani ahame kuipisha.

Televisheni tulihamisha kila mtu, na gharama ikamwangukia aliye chini: nunua king'amuzi au kaa giza. Kwa redio nataka kinyume chake. Wakubwa wahame kwanza. Kuna kampuni za habari ambazo zina vituo vinne, vitano na zaidi, vyote vikirusha FM Nairobi, na kila kimoja kina ploti zake mikoani. Zibaki na kituo kimoja au viwili kwenye FM ya jiji na vingine viingie ghorofani. Wasikilizaji wa mjini ndio wenye magari mapya na pesa ya redio mpya. Kampuni hizo ndizo zenye sauti ya kutangaza redio hizo hadi zinunuliwe, na ndizo zinazoweza kurusha kwa njia mbili kwa miaka michache bila kufa. Kituo kidogo cha Kajiado hakiwezi kulipa mlingoti mara mbili. Kinaweza kupewa ile ploti ya FM iliyoachwa.

KBC iwe na sheria yake. Huyo ni wa umma, analipiwa na umma, kwa hivyo arushe kotekote, FM na dijitali, na yale mawimbi ya kati yasiachwe yaoze, yawekwe DRM pole pole analogi ikiendelea. Na maltipleksi isipewe mtu anayemiliki vituo. Landilodi asiwe pia mpangaji anayejipangia chumba cha mbele.

Nimeshaambiwa wakubwa hawatakubali, kwamba watapoteza wasikilizaji na matangazo. Ndiyo maana naipenda hoja hii. Kama kampuni tajiri kuliko zote inaogopa kwamba ikihamia dijitali hakuna atakayeisikia, basi imetujibu swali letu: redio za kupokea hazipo, bei haijashuka, mfumo haujawa tayari. Na kama hauko tayari kwa tajiri, kwa mzee wa Ilbissil uko tayari vipi?

Wengine watasema FM zetu hazistahili kutetewa, kuanzia asubuhi ni kamari na vichekesho vya matusi. Nakubali nusu. Kuna asubuhi nazima mwenyewe. Lakini takataka ikirushwa kwa tarakimu inabaki takataka, sauti yake tu ndiyo imesafishwa. Dawa ya kipindi kibaya ni kituo kingine kando yake, na kituo kingine ndicho hasa kinachokosa ploti.

Na hizi simu zinazoletwa bila FM, mbona hatuziulizi kitu? Kipande chenyewe ni kidogo na bei yake ni ya chini. Kabambe inacho, simu ya elfu sitini haina. Serikali inayoweza kupangia kila simu kodi inaweza pia kusema simu inayouzwa hapa iwe na FM inayofanya kazi. Hilo lingefanywa kesho, halihitaji mlingoti hata mmoja.

Siku watakapokuja kukusanya maoni, na kwa kawaida huitisha maoni kwa tangazo dogo gazetini na kikao kwenye hoteli, nenda. Uliza redio ya kupokea itauzwa bei gani Kitengela, si Dubai. Uliza nani atashika maltipleksi na kodi ya kituo kidogo ni ngapi kwa mwezi. Uliza FM imehakikishiwa hadi mwaka gani, waandike mwaka huo kwenye sheria. Kabla hujaenda, fungua orodha ya masafa ya FM ambayo Mamlaka huiweka kwenye tovuti yake. Chukua kalamu. Hesabu jina la kampuni moja kubwa linatokea mara ngapi kutoka Mombasa hadi Busia, kisha rudi ukahesabu ni vituo vingapi vya jamii vinavyorusha kutoka Kajiado. Hesabu ya pili haitakuchukua muda mrefu.